Alama za Seli na Kiongozi Wetu

Kiongozi wa kikundi chetu ana sauti ya mhubiri na kichwa cha ngoma, ndani hamna kitu. Jana alisimama mbele ya darasa letu la sita la sekondari akasoma kurasa tano nilizoandika minye mwenyewe. Minye nilikuwa benchi la nyuma, maana watu wanne wakiniangalia ulimi unakauka. Prof, mwalimu wetu wa biolojia, alikuwa amesema: aliyeielewa kazi ndiye ataieleza Ijumaa kwa wanafunzi wa shule ya Panda. Niliitaka ile nafasi, nikaiogopa, nikamwachia kiongozi. Ujinga wangu huo.

Kazi yenyewe ni hii. Wataalamu wanaingiza virusi vilivyopunguzwa ukali katika ubongo wa panya, na kila seli inapata alama yake ya herufi za kijeni. Seli inaisukuma alama mpaka mwisho wa uzi wake, ule unaoiunganisha na seli za mbali. Kisha ubongo unakatwa vipande, mashine inasoma herufi za kila kipande. Alama ikipatikana kipande fulani, basi uzi wa seli ile ulifika pale.

Kiongozi alisoma sehemu ya kukata ubongo kama anauza nyama sokoni. Prof akauliza:

"Na kama seli mbili ziko na alama moja?"

"Mashine itarekebisha, Prof."

Na Prof, ambaye daftari lake la kutusomea limenizidi umri, akakubali kwa kichwa!

"Hapana," nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi.

"Weye wa nyuma, simama."

Nikasimama, macho kwenye viatu. "Mashine itaziona kama seli moja, njia zao zitachanganyika. Baba yangu mudogo anafunga etiketi za namba kwa mifuko ya mawe ya madini, kule mgodini Kakanda. Etiketi zikiisha banafunga namba moja kwa mifuko kumi, kisha depo inayonunua haijue jiwe limetoka shimo gani. Njo maana alama zinatengenezwa mingi kupita seli."

"Eh! Kumbe uyu iko na mudomo!" wenzangu wakacheka.

"Nani aliandika hii kazi?" Prof akauliza.

"Kikundi yote, Prof," kiongozi akajibu haraka, bila haya.

"Minye," nikasema.

Prof akanipa chaki. "Ijumaa utaenda Panda weye. Andika ile jibu kwa ubao."

Nikaandika, mistari ikapanda kama mlima. Kiongozi akanakili kama wengine wote, na bado akakosea.