Shuka Nyeupe za Watu wa Mbu

Utotoni mwangu, miaka ya tisini, nyumbani kwetu Mji wa Kale hakukutandikwa shuka nyeupe. Zetu zilikuwa za maua au mistari. Bibi, mama yake baba, alishikilia kwamba nguo nyeupe ikitandazwa nyumba isiyo na maiti, huita maiti. Nasi tuliamini, kama tulivyoamini kwamba moto unaunguza.

Basi asubuhi moja watafiti wa malaria walipobisha hodi, Bibi yuko matangani kwa jirani, mama akawakaribisha. Walitandaza shuka nyeupe chumba kizima, sakafuni mpaka juu ya kitanda, wakafunga madirisha, wakapuliza dawa. Tulipofunguliwa mlango, mbu walikuwa wamelala chali juu ya ule weupe. Mdogo wangu Zuhura, wa miaka minne, akachutama kuwatazama.

"Huyu ana tumbo jekundu."

"Ameshiba damu," alisema dada mmoja mtafiti, akimwokota kwa kibano. Akamgeukia mama. "Tukimaliza hapa tutawatoboa watoto vidole, tuwapime. Mwenye malaria tutampa dawa leo leo."

Mara Bibi akaingia.

"Tokani! Mwamtandikia nani sanda humu? Mauti yakitandikiwa huya!"

Mama alijaribu kumtuliza, wapi. Bibi alizikunja shuka mwenyewe, mbu na vyote, akazitupa barazani. Watafiti wakaondoka bila kututoboa.

Wiki haikuisha, Zuhura akashikwa na homa. Mama alitaka hospitali. Bibi akasema kilichoitwa na shuka hakitolewi kwa sindano, akawa anamnywesha kombe, maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani. Degedege lilipomwangusha, mama alimbeba akatoka mbio, buibui likiburutika nyuma. Walikuwa wamechelewa. Alasiri ile shuka nyeupe ilitandazwa tena chumbani, na hii ilikuwa yetu.

"N'liwambia," alisema Bibi, na aliendelea kulisema neno hilo mpaka naye akafa.

Nilimchukia Bibi kwa neno lile, sitaficha. Siku hizi chuki imeniisha, imebaki huzuni tu. Pengine Zuhura alikuwa na malaria mwilini tangu asubuhi ile, na tone moja la damu lingetuambia. Bibi hakuogopa kitu cha uongo. Mauti yalikuwapo kweli juu ya zile shuka, yamelala chali, yameshiba. Akawafukuza waliokuja kuyaokota.