Kurasa nne tupu za mshona vitabu wa Otonglo

Saa mbili asubuhi, soko la Otonglo, Kisumu, limechangamka. Navneet Atieno anapitisha uzi wa nyavu kwenye sindano, kisha anaanza kushona kitabu cha sayansi kilichobanduka mgongo. Uzi huo hupewa na mama auzaye nyavu kibanda cha pili.

"Hajawahi kunidai," anasema. "Huweka tu mezani akaondoka."

Navneet, mwenye umri wa miaka 23, hushona vitabu vya shule kwa shilingi thelathini kila kimoja. Siku njema hupata mia tatu.

Chini ya meza kuna daftari alimoandika hadithi ya Sela, msichana ambaye sokoni huitwa Mhindi, na dukani kwa baba yake huitwa Mwafrika. Wanafunzi huliazima Ijumaa. Juzi mmoja alilirudisha likiwa na jalada jipya la gazeti, bila kuombwa.

"Sista, Sela amepata kitambulisho?" anauliza msichana aliyekuja kuchukua kitabu chake.

"Bado."

"Ai! Tangu muhula wa kwanza? Yuko kwa foleni ama amelala?"

Navneet anacheka, kisha anainamia sindano yake.

Kurasa nne za mwisho ni tupu. Hataziandika mpaka yeye mwenyewe apate kitambulisho. Hataki, anasema, kuwadanganya watoto.

Mama yake, Seline, ni mzaliwa wa Katito. Baba yake, Ravinder, fundi wa mashine za kusaga, alifariki Navneet akiwa na miaka miwili. Jina lake halimo kwenye cheti cha kuzaliwa cha bintiye.

Fomu inataka mzee wa jamii yake amtambue. Kwa miaka mitano maafisa wamemwambia aende kwa Wahindi. Mzee Gurcharan, wa jamii ya baba yake, alimpa chai na kumsindikiza hadi barabarani, ila hakutia saini.

"Jina la Ravinder haliko hapa, beti," alimwambia, akimwita binti. "Nitasema nini?"

Katika miaka hiyo, nafasi yake ya chuo kule Bondo ilimpotea.

Mwezi Mei, Mzee Odongo, ndugu ya babu yake, alitoka Katito akiwa mgonjwa ili amsimamie. Walipanga foleni kwa saa tano, Mzee akiwa amesimama. Afisa aliwatazama wote wawili.

"Mzee, huyu si wenu."

"Siku ya tatu baada ya kuzaliwa, alipotolewa nje ya nyumba, kama mtoto yeyote wa kike wa Kijaluo, mimi nilikuwepo. Wewe ulikuwa wapi?"

Waliambiwa warudi Jumatatu. Mzee Odongo alifariki Jumamosi.

"Nilimchosha," anasema Navneet, na mkono wake unaacha kushona. "Angebaki nyumbani, labda tungekuwa naye."

Matangani alijificha nyuma ya jiko. Mjane, Mama Jacinta, alimfuata huko na sahani ya samaki kabla wageni hawajapakuliwa.

"Kula, nyathina," alimwambia, yaani mwanangu. "Hao maafisa wanaita wanaume tu. Odongo alisimama mlangoni. Aliyekubeba kukutoa nje ni mimi."

Jumanne ijayo, bibi huyo wa miaka themanini, ambaye Navneet humwita dani, yaani nyanya, atakuja Kisumu kusema hivyo mbele ya afisa.

Na wakimkataa yeye pia?

Navneet anakata uzi kwa meno, anafunga kitabu, anakibonyeza kwa kiganja.

"Sijui," anasema. Anagusa kiti cha mbao anachokalia. "Lakini hiki nitakibeba. Dani hatasimama."