Kamba ya Kisu

Kila chombo alichokishika alikifunga kamba. Bisibisi, koleo, spana, tochi ndogo, vyote vilining'inia kwenye mkanda wake kwa nyuzi za nailoni, na akitembea uani ungedhani kundi la mbuzi wenye kengele linapita. Miwani yake ilikuwa na kamba. Kalamu ya mfukoni ilikuwa na kamba. Hata kifuniko cha chupa yake ya chai kilifungwa shingoni mwa chupa, kisije kikapotelea nyumba za watu.

Alikuwa fundi wa mafriji. Ujanani alipanda juu ya jengo la ghorofa kufunga mtambo wa kupoza hewa, spana ikamponyoka. Ilitua barabarani, mbele ya mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni. Haikumgusa mtu. Yule mwanamke aliiokota, akaitazama, akaiweka ukutani kwa adabu, akaenda zake. Fundi alisema afadhali angemtukana. Tangu siku hiyo hakushika kitu ambacho hakijafungwa mahali.

Mimi nilimwita baba mdogo, ingawa hatukuwa na damu moja. Alikuwa rafiki wa baba yangu tangu utoto wao, na duka la baba la kinyozi lilikuwa sebule yake. Alikuwa na kiti chake pale, kile cha karibu na feni, na kila mteja aliyekikalia alijua kwamba amekiazima tu. Watu waliwaita chanda na pete. Siku hizi nyumbani kwetu hatuutumii msemo huo.

Wa tatu wao alikuwa mwalimu wa udereva. Sisi watoto tulimwita Klachi, kwa sababu ndilo neno alilolipigia kelele kutwa, hata mezani. Ni Klachi aliyeleta habari ya kayaki. Aliona kwenye simu watu wamekaa ndani ya vimtumbwi vya plastiki, peke yao, katikati ya maji ya chumvi, wakivuta samaki wa kutosha kulisha harusi.

"Ni watu kama sisi," alisema. "Tena wana vitambi kutuzidi."

Walichanga, wakaagiza. Vitu vilipofika nilikuwa nimekwenda kumsalimia baba, nikawakuta wamefunga duka mapema na wanafungua maboksi kama watoto siku ya sikukuu. Sakafu yote ilikuwa plastiki na nywele. Kulikuwa na fimbo za kuvulia zinazong'aa, makafi mepesi, nanga ndogo ya kukunjwa kama mwavuli, na jaketi za kuokolea za rangi ya chungwa. Baba alivaa yake, akajitazama kwenye kioo cha duka, mbele na ubavu, kama alivyozoea kuwaonyesha wateja visogo vyao.

"Umependeza," Klachi akamwambia. "Unafanana na koni ya barabarani. Wanafunzi wangu wangekugonga."

Baba mdogo hakujaribu jaketi. Alikuwa ameketi chini na bunda la kamba, anafunga. Fimbo kwenye kiti, kafi kwenye mshikio, kopo la chambo, chupa ya maji, koleo la kutolea ndoana. Alikuwa na fundo lake mwenyewe, ambalo halijawahi kulegea, na likilowa maji ndiyo kwanza linang'ata.

"Na sisi utatufunga?" Klachi akauliza.

"Wewe wa kwanza. Naanzia mdomoni."

Mwisho alikifunga kisu. Kilikuwa kisu kifupi, kipya, chenye ala nyekundu. Alikifunga kwenye pete iliyokuwa karibu na goti lake la kulia, kwa kamba isiyozidi urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Baba akamwambia aiongeze kidogo.

"Ya nini?" alisema. "Kisu cha kukatia chambo, na chambo kipo hapa mapajani. Kamba ndefu ni ya kujikwaa."

Yaliyofuata nimesimuliwa na wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakutofautiana sana.

Walitoka asubuhi, bahari imelala. Klachi alitangulia huku akiwaamuru kwa sauti ya kazini: angalia kioo, washa taa ya kushoto, mbona unabana barabara! Baba akamjibu kwamba somo lisubiri Jumamosi, wembe ukiwa shingoni mwake, ndipo afundishe vizuri. Walipita mstari wa mawe, wakatupa mishipi. Baba ndiye aliyepata wa kwanza, samaki mwekundu asiyezidi kiganja. Alimshika juu, akapiga kelele, na wenzake hawakumsikia, kwa sababu mkondo ulikuwa umeshawatawanya.

Hilo lilimchoma baba. Maisha yake yote amefanya kazi akiongea. Kupata samaki na kukosa wa kumringia kulimfanya ajione yatima. Akapiga kafi hadi kwa fundi, akasema, "Tufungane pamoja, bwana. Tuongee kama watu."

Baadaye mvuvi mmoja aliniambia kwamba vyombo havifungwi pamoja penye mawimbi, vitagombana tu. Lakini hawa hawakuwa wavuvi. Walikuwa kinyozi, fundi na mwalimu wa udereva, na kumwambia baba mdogo afunge kitu ni kama kumwambia mtoto ale sukari. Alishusha nanga kutoka kwenye kayaki yake. Kisha akatoa kamba moja, akaifunga kwake, akaipitisha kwenye mshikio wa kayaki ya baba aliyekuwa katikati, akaimalizia kwa Klachi. Wakakaa bega kwa bega. Baba alimsimulia samaki wake tangu alipogusa chambo. Wakanywa chai kwa kifuniko kimoja, chenye kamba yake. Baba mdogo aliniambia kwamba kama angeulizwa siku gani isimame, angeichagua ile, saa ile, kabla upepo haujageuka.

Upepo ukageuka. Mawimbi hayakuwa makubwa, lakini yalikuja ubavuni, na kayaki ya Klachi ikaanza kuchomoka kwenda nje huku ya fundi ikishikiliwa na nanga. Kamba ikakaza. Ikapanda juu ya fimbo mpya ya baba na kuanza kuikunja, na baba akaingiza mkono kuinusuru. Fimbo ilikuwa imefungwa, isingekwenda popote. Wimbi likainua kayaki, kamba ikajizungusha vidoleni, ikavibana kwenye mshikio. Kila wimbi lililokuja liliikaza tena.

Baba alipiga kelele moja. Halafu akanyamaza, na Klachi anasema kule kunyamaza ndiko kulikomtisha.

Baba mdogo alikimbilia fundo. Lilikuwa limelowa. Akang'ang'ana nalo kwa kucha, kwa meno, halikumjua. Akachomoa kisu, akakinyoosha kwenye kamba, na kisu kikasimama hewani, shubiri moja tu kabla ya kufika. Akavuta. Akarudi nyuma, akavuta tena kwa nguvu zote. Kayaki ikayumba, ikawa kama itapinduka. Kamba ya kisu ilikuwa imara. Alikuwa ameifunga mwenyewe.

"Kata hiyo!" Klachi akapiga kelele. "Kata ya kisu! Ya kisu, wewe!"

Baba mdogo aliniambia kwamba alimsikia na hakumwelewa. Alikuwa ameshika kisu kikali mkononi, kimefungwa kwa kamba nyembamba, na haikumwingia akilini kwamba kisu kinaweza kukata kamba yake chenyewe. Umri wote huo alifunga na kufungua. Hakuwa amekata kamba hata siku moja. Mawimbi yakaendelea kupita. Mwishowe akaelewa, akakata ya kisu, akakata ile nyingine, na kayaki ya Klachi ikaenda zake kama mlango uliofunguliwa ghafla.

Hospitalini waliviondoa vidole vitatu vya mkono wa kulia. Baba alibaki na gumba na kile cha mwisho. Kwa mtu mwingine pengine ingekuwa huzuni ya kawaida. Kwa kinyozi ilikuwa kama kuambiwa sasa wewe si wewe. Nilikaa kando ya kitanda chake, nikamwona anafumbua na kufumba mkono wa bandeji hewani, akijaribu kushika wembe ambao haukuwepo.

Mama hakumfungulia baba mdogo mlango. Alikuja kila jioni baada ya kazi, akakaa kwenye ngazi za nje na mkanda wake wa vyombo, akauliza kupitia dirishani, "Shemeji, ameamkaje?" Mama akamjibu, "Ameamka." Basi. Klachi naye alikuja mara chache, akatania mara chache zaidi, kisha akahamia kwa mwanawe mji mwingine. Kayaki yake aliiuza. Ya baba ililazwa nyuma ya nyumba na kuku wakataga ndani yake.

Baba alirudi dukani kwa sababu hakujua pengine pa kwenda asubuhi. Alifagia. Alifuta kioo. Wateja walichungulia, wakamsalimu kwa heshima nyingi mno, wakaenda kunyolewa kwa jirani. Nani atampa koo lake kinyozi wa mkono wa kushoto asiyeuzoea? Sikuwalaumu. Hata mimi nilishukuru kwamba sina ndevu.

Jumamosi moja nilikuwepo baba mdogo alipoingia. Hakukaa kwenye kiti cha karibu na feni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti kikubwa, akajitandaza kitambaa kifuani, akaegemeza kichwa.

"Ninyoe," alisema.

Baba alikuwa hajamsemesha tangu siku ya bahari. Akaegemeza ufagio ukutani.

"Kwa mkono gani?"

"Ulio nao."

"Nitakukata."

"Nikate."

Akamkata. Alimkata kidevuni, shavuni, chini ya sikio, na baba mdogo hakutikisa hata kope. Baba alikuwa akisema "samahani" kila mara, hadi baba mdogo akafumbua jicho moja akamwambia, "Wewe nyoa, samahani utaniombea zote pamoja mwishoni." Baba akacheka. Ilikuwa sauti niliyokuwa nimeisahau. Nikatoka nje kwa sababu nilihisi nitalia mbele yao.

Ikawa desturi. Kila Jumamosi alikuja, na kila Jumapili alizunguka mjini na vipande vya karatasi usoni. Wateja wake walimuuliza ni friji la nani limemng'ata. Alijibu kwamba ni la mkewe, ingawa alikuwa mseja. Makovu madogo yalijaa kwenye taya lake, na mimi nilizoea kuyatazama kama mtu anavyotazama mistari ya mvua kwenye ukuta wa nyumba yake. Aliendelea kufunga vyombo vyake kamba. Watu walidhani baada ya yale angeacha. Hakuacha, ila kamba zikawa ndefu, na kila alipofunga kitu alinyoosha mkono kwanza pande zote, juu, chini, kushoto, kulia, kabla ya kuinuka.

Ningependa kuandika kwamba wateja walirudi. Hawakurudi. Mkono wa kushoto wa baba ulikuja kutulia, ukawa mwepesi kabisa, lakini mji ulikuwa umeshaamua. Duka likawa la kuuza vifuniko vya simu, kiti kikubwa kikahamia kibarazani kwetu, na kinyozi mzima akabaki na kichwa kimoja. Mama, ambaye hakuwahi kusema amesamehe, siku ya Jumamosi alichemsha maji ya kunyolea bila kuombwa.

Kisha baba mdogo akaugua kifua, akashindwa kuja. Nikawa nampeleka baba kwake. Chumba chake kilikuwa kimoja, na kamba zilitoka kila kona: ya taa, ya pazia, ya kikombe, zote zikimfikia kitandani. Jumamosi ya mwisho baba alimnyoa akiwa amelala. Alichukua muda mrefu. Alipomaliza akampitisha kiganja cha mkono wa kushoto shavuni, taratibu, na hapakuwa na tone la damu mahali popote.

"Bado samahani zangu," baba mdogo akasema, kwa sauti iliyobaki nusu. "Ulisema utaziomba mwishoni."

"Wewe ndiye uliyesema," baba akamjibu, akaenda kumwaga maji nje, na hakurudi upesi.

Baba mdogo akaniita kwa kidole. Aliomba funguo zangu za nyumbani, ambazo kwa miaka mingi alikuwa akinigombeza kwa kuzipoteza. Alikuwa na kipande cha nailoni chini ya mto. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha nguvu, fundo lilimchukua mara kadhaa, lakini nilimwacha alifunge mwenyewe, upande mmoja kwenye funguo, upande mwingine kwenye mshikio wa mkoba wangu. Nikamshukuru, nikautundika mkoba begani, nikainuka.

"Ngoja, mwanangu," alisema. "Jaribu kwanza kama inafika kwenye kitasa cha mlango."