Mwekezaji Asiyeruhusiwa Kuagiza

Kwa miaka thelathini na minne fundi bomba huyu aliishi kwa kuagiza: leta spana, funga maji, nipishe. Alipostaafu, kiinua mgongo chake chote alikitia katika jengo la ghorofa tatu ambalo hakuruhusiwa kuagiza humo hata kufagiliwa kwa ngazi.

Watu thelathini walikuwa wamechanga, kila mmoja kwa uwezo wake. Kampuni ya meneja ikaongeza mkopo wa benki, ikanunua jengo hilo lenye nyumba kumi na mbili za kupangisha. Kodi hulipa kwanza mkopo, matengenezo na ujira wa meneja. Kinachosalia hugawanywa kila miezi mitatu kwa kadiri ya hisa. Mwaka wa tano jengo litauzwa, na kabla ya hapo hakuna wa kutoa fedha yake. Wachangaji ni washirika kimya: mambo yakiharibika, hasara yao haizidi walichochanga. Ila, kwa kifungu cha tisa cha mkataba, mshirika atakayetoa amri ya uendeshaji atahesabiwa meneja, na madeni ya jengo yataweza kumfuata hadi kwenye nyumba anayolala.

"Sasa umepata kazi ya kunyamaza," mkewe alimtania. "Tuone kama utaiweza."

Gawio la tatu lilipopungua, alikwenda kulitazama jengo kama mpita njia. Kwenye ngazi za ghorofa ya juu alisimama ghafla. Dari lilikuwa limefura kama shavu la mwenye jino bovu, na maji yalichuruzika ukutani, shubiri moja juu ya kisanduku cha mita za umeme.

Akampigia meneja.

"Fundi wetu atakuja Jumatatu, mzee. Mimi nitapita baada ya saa moja."

"Saa moja? Bwana wee, koki ya tangi ifungwe sasa hivi!"

"Hiyo ni amri, mzee? Kifungu cha tisa unakikumbuka?"

Simu ikakatika. Mpangaji, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, akatoka mlangoni na ndoo.

"Babu, nimekusikia ukisema na meneja; mwambie huyo mlinzi apande afunge! Mimi hanisikii, ati mpaka wenye jengo waseme."

Mlinzi alikuwa chini ya ngazi, amemkodolea macho, anangoja neno moja tu. Mzee akafungua kinywa, akakifumba. Mchirizi ukashuka upana wa vidole viwili.

Akaikamata ngazi ya chuma ya kupandia paani. Goti lake la kushoto lilikuwa limemgomea tangu mwaka uliopita.

"Babu, utaanguka!"

"Nikianguka, mwite mke wangu. Meneja mwache na kifungu chake."

Koki ilikuwa imeshikwa na kutu, naye hakuwa na spana. Alivua shati, akaizungushia, akaining'inia kwa uzito wake wote. Haikutikisika. Akarudia. Ilisogea robo, ikasogea nusu. Ndipo mlio wa maji ndani ya bomba ukakoma.

Meneja alimkuta ameketi ngazini, kifua wazi, viganja vikivuja damu.

"Nani ameagiza maji yafungwe?"

"Hakuna aliyeagiza. Nimefunga mwenyewe. Sikumtuma mtu, sikumlipa mtu."

Meneja alikisoma kifungu cha tisa katika simu yake mara mbili, midomo ikimchezacheza. Kisha akautazama ukuta: unyevu ulikuwa umekoma kwenye ukingo wa kisanduku.

"Nenda nyumbani, mzee," alisema hatimaye. "Sijaona mshirika yeyote hapa leo."

Mzee hakuondoka mpaka alipomsikia akimwita fundi wa umeme. Habari za gawio hakuziuliza.