Sufuria Juu ya Bomba

Shule mimi niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, kwa hiyo msinitafutie maneno makubwa humu. Nataka kuwaeleza habari za fundi bati mmoja ambaye mtaa mzima tulimwita Subiri, na siku moja ya baridi ambayo mpaka leo ikinijia nainuka nafungua dirisha.

Jina hilo lilitokana na ulimi wake. Ukimpelekea ndoo inayovuja, subiri. Ukimuuliza itakuwa tayari lini, subiri. Muuza mkaa aliyepakana naye alizoea kumtania, "Wewe hata kifo kikija utakiambia subiri." Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Nishakiambia. Kinanisikia kuliko wewe." Tunacheka. Alikuwa mfupi, shingo ameiinamisha kama anayesikiliza kitu chini ya sakafu, na kidole gumba chake cha kushoto hakikuwa na kucha. Alitengeneza makarai, masanduku, mifereji ya maji ya mvua. Lakini kazi aliyoijua kuliko zote ni ya majiko ya chuma, yale yanayofungwa ndani ya nyumba na bomba la kutolea moshi.

Dada yangu mdogo alimwita amfungie jiko la namna hiyo chumba cha nyuma. Binti yake alikuwa amejifungua hospitalini kabla ya siku zake, katoto kadogo kama mkate, na manesi walisema baridi isikaguse. Wangeruhusiwa kurudi Ijumaa. Na baridi ya mwaka ule iliuma mpaka kwenye meno.

Subiri alikuja Jumatatu. Siku ya kwanza hakushika hata nyundo. Alizunguka chumba na fimbo yake yenye alama za kisu, anapima, anarudia kupima. Ukuta mmoja ulikuwa wa mbao, na dada alitaka jiko likae kwenye pembe hiyo hiyo, lisizibe njia.

"Haiwezekani, mama. Jiko na ukuta wa mbao ni kama mtu na mama mkwe wake. Heshima ni umbali."

"Na wewe wa kwako umemweka mbali kiasi gani?"

"Yuko mji mwingine, na bado joto lake nalisikia."

Akatandika bati sakafuni, juu ya bati matofali, juu ya matofali jiko. Bomba akalipandisha kando ya ukuta wa tofali mpaka nje ya paa, likiwa ndani ya bomba jingine pana zaidi, ili chuma cha moto kisiguse mbao za paa. Kila kiungo akakipaka udongo uliochanganywa na majivu. Kisha, chini kabisa ya ukuta, akatoboa tundu la ukubwa wa tofali. Dada akashika kiuno.

"Nimekuita uniletee joto, wewe unanitobolea ukuta!"

"Moto unavuta pumzi, mama. Usipoupa ya nje, utachukua yenu."

Akainama akaendelea kutoboa, na mimi nilijua maneno hayo yametoka wapi. Ujanani alimfungia kaka yake jiko kama zawadi ya ndoa, haraka haraka. Bomba lilikuwa fupi, halikufika juu ya kilele cha paa, na upepo ukawa unausukuma moshi urudi ndani. Asubuhi maharusi walikutwa wamelala vizuri, shuka limewafika kidevuni. Ndipo alipoanza kusema subiri. Wengi waliomcheka hawakuijua habari hiyo. Mimi niliijua, na nilicheka pamoja nao.

Alhamisi alifungasha vyombo vyake. "Imebaki kofia ya bomba. Kesho alasiri naileta, naifunga, nawasha mwenyewe kwa majani mabichi nione moshi unakwenda wapi. Kabla ya hapo hata kiberiti msiwashe."

Ijumaa ikaja na mvua, na hospitali ikawaruhusu mapema. Saa tatu asubuhi mpwa wangu alikuwa mlangoni na mtoto kifuani. Chumba kilikuwa baridi kama kisima, na matone yalikuwa yakiingia kwenye bomba, tii, tii, tii.

"Kaka," dada akasema, "si kofia tu iliyobaki? Panda."

"Fundi alisema tumsu..."

"Subiri, subiri! Midomo ya mjukuu wako imegeuka rangi, naye amsubiri nani?"

Nikapanda ngazi na sufuria kuukuu. Kwenye ukingo wa bomba nikabandika madonge matatu ya ule udongo wa fundi uliobaki, kama mafiga, nikaifudikiza sufuria juu yake ili moshi upate nafasi ya kutokea, na juu ya sufuria nikaweka jiwe upepo usiichukue. Nilijiona mjanja. Niliposhuka nikakuta dada ameshaziba lile tundu la chini kwa kitenge kilichokunjwa.

Akatia mkaa, si kuni. "Mkaa hauna moshi," akasema, "kwa hiyo hata huyo fundi hana la kunung'unika."

Jiko likawaka vizuri. Chumba kikapata joto, mvua ikapiga juu ya bati. Jirani mmoja akaja kumwona mzazi, akainama juu ya mtoto. "Mtulivu huyu! Wangu walikuwa wananitoboa masikio, huyu halii kabisa." Akaaga. Mpwa wangu akasema kichwa kinamzunguka. Mama yake akamwambia ni uchovu wa uzazi, alale. Hata mimi kichwa kilikuwa kinanigonga, na miguu yangu haijapata kukaa sehemu moja, nikatoka kutembea.

Mvua ilikuwa imepungua. Nikajikuta kibandani kwa Subiri, anaikunja ile kofia kwa nyundo ya mbao, pole pole.

"Kichwa kimenigonga asubuhi nzima," nikamwambia, basi tu, maneno ya kupitisha wakati. "Ila cha ajabu, njiani kimepoa."

Nyundo ikasimama hewani. "Unatoka wapi?"

"Kwa dada."

"Mmewasha?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaiangusha kofia, akakimbia. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Muuza mkaa akapiga kelele, "He! Leo Subiri kakatazwa kusubiri?" Kisha akaniona uso wangu, akatufuata.

Subiri alitazama paa kwanza, mara moja tu. Akausukuma mlango. Dada alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, anajaribu kusimama na miguu haimsikii. Binti yake alikuwa kitandani amefumba macho, mtoto juu ya kifua. Chumba kilikuwa na joto zuri na hakikuwa na harufu yoyote. Subiri alimchukua mtoto pamoja na blanketi lake, akatoka naye barazani. Muuza mkaa akambeba mpwa wangu. Mimi nikamkokota dada kwa makwapa.

Barazani Subiri alimlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wake, anamsugua mgongo kwa kile kidole kisicho na kucha. "Subiri," akawa ananong'ona. "Subiri. Subiri kwanza." Alikuwa akimwambia nani, sikujua. Alisugua muda mrefu mno. Kisha kikatoka kilio chembamba kama bawaba iliyokosa mafuta, na dada, akiwa chini, akaanza kulia naye.

Muuza mkaa aliwapeleka hospitalini wote watatu kwa gari lake la mizigo. Walilazwa siku tisa kwa sumu ya hewa ya mkaa, wakarudi wote. Lakini mchana ule hatukuyajua hayo. Tulibaki wawili uani, mimi na fundi, nguo zimelowa.

"Nani alipanda juu?" akaniuliza.

"Mimi."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Aliishika ngazi kwa mikono miwili isiteleze. "Basi panda, kaishushe."

Nikapanda. Mvua ilikuwa imeyayeyusha mafiga yangu yote matatu, yametiririka juu ya bati mistari myekundu, na sufuria ilikuwa imekaa juu ya bomba na kuliziba barabara, na jiwe langu limeikandamiza. Nikaitoa na kuigeuza. Ndani ilikuwa ya moto, na ilikuwa safi. Haikuwa na masizi hata alama ya kidole.