Sauti ya Kuitia Farasi

Kabla ya kupasuliwa shingo nilingoja miezi mitano. Miezi hiyo yote nililala katika chumba cha kuwekea matandiko ya farasi, kando ya zizi lao, kwenye shamba la ng'ombe lililo mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Bunia. Farasi walikuwa sita. Zamani walikuwa wengi, lakini serikali ilipogawa mali za wageni, mwenye shamba, Mgiriki, alinyang'anywa, na aliporudishiwa wengine walikwisha kufa kwa kupe. Hao sita walitumika kukusanya ng'ombe vilimani.

Baba alikuwa mtunza farasi hapo kabla yangu. Alipokufa, mwaka mmoja baada ya mama, nilikuwa darasa la tano. Baada ya matanga sikurudi shuleni. Nyuma yangu kulikuwa na mdogo wa kiume, ambaye baadaye alikwenda kuchimba dhahabu Bambu na kunyamaza huko, na mdogo wa kike aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Nilichukua brashi ya baba, kisu chake cha kusafishia kwato, na mwito wake.

Baba aliita farasi kwa sauti moja ndefu, iliyoanza chini kifuani na kupanda ghafla mwishoni: "Ooo-yeee!" Hata wakiwa ng'ambo ya kijito, walinyanyua vichwa wakaja. Mimi nilipoanza, sauti yangu ilikuwa ya kitoto, na hawakunijali. Kisha ikavunjika, ikawa nzito, na asubuhi moja wakaja wote. Mdogo wangu wa kike hakumjua baba kwa njia nyingine. Alikuwa akiniita Yaya, yaani kaka, na kuniambia, "Yaya, fanya baba." Nami nilifanya.

Uvimbe wa shingo ulianza kama haragwe. Ulipofikia ukubwa wa ngumi, nikawa siwezi kulala chali bila kukosa pumzi. Muuguzi wa hospitali aliuminya huku na huku, akaniuliza tunakula chumvi gani, kisha akanieleza bila kuzunguka.

"Mushipa ya sauti inapita hapa hapa. Wengine banatoka salama, wengine banatoka bila sauti. Sikufichi. Lakini ukiiacha, itakunyonga."

Munganga, yaani daktari wa kupasua, alikuwa akija kwa ndege ndogo. Kila Alhamisi nilikwenda kuuliza, na kila Alhamisi niliambiwa ndege haina mafuta, au munganga ameitwa kwingine, rudi juma lijalo. Nilipita sokoni, nikanunua unga wa muhogo, nikarudi shambani.

Nilikuwa nimekatazwa kubeba mifuko na kupanda farasi, lakini si kuwatunza. Asubuhi vilima vilikuwa na baridi na majani yalilowesha suruali hadi magotini. Niliwatoa kupe masikioni na chini ya mkia, nikakwangua kwato, nikawapiga brashi. Mtu pekee niliyeonana naye kila siku ni mkamuaji wa maziwa, aliyenizidi umri kidogo, aliyefanya kazi na baba. Yeye hakujua kunyamaza.

"Weye mutoto ya muzee," aliniambia siku moja, "batakukata shingo kama kuku, halafu utaita farasi na nini? Na matako?"

Nilicheka mpaka pumzi ikakatika. Alipoondoka na madebe yake, nilibaki nimeshika uzio wa zizi. Swali lake lilikuwa lile lile nililokuwa nalo tangu siku ya muuguzi.

Siku iliyofuata nilianza kuwafundisha ndoo. Nilitia chumvi ndani, nikaita, na papo hapo nikaipiga ndoo kwa fimbo mara tatu. Baada ya majuma machache nikawa napiga tu, mdomo nimeufunga. Katika mwezi wa nne wa kungoja, watano walikuja kwa ndoo. Wa sita hakuja. Alikuwa farasi jike wa kijivu, mzee, ambaye baba ndiye aliyemfundisha hatamu. Alisimama mbali akinitazama, akingoja nimwite. Nilijikaza nisimwite. Ilipita siku nzima, hata mbili, bila neno kutoka kinywani mwangu, na jioni nilipomwambia mkamuaji "lala salama" sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

Sikumwandikia mdogo wangu wa kike. Alikuwa kwa masista huko Mahagi, karibu na mitihani, na shule moja iliyokatika ilitosha katika nyumba yetu. Lakini mkamuaji alimpa dereva wa lori habari. Munganga alipofika kweli, na nikaambiwa nije kesho na mtu wa kunipikia na kunilinda, nilimkuta mdogo wangu ameketi juu ya mfuko wake mbele ya zizi.

"Yaya, weye ulitaka nisikie lini? Siku ya matanga?"

"Na mitihani?"

"Mitihani iko yangu. Usiniulize."

Alilia kidogo, akanifulia shati. Kabla jua halijashuka tulisimama kwenye uzio, na nilijua atakachosema kabla hajakisema.

"Fanya baba."

Niliita. Mara moja tu, kwa nguvu zote. Wa kijivu alitoka ng'ambo ya kijito, akaja mbio licha ya uzee wake.

Walinikata. Nilikaa hospitalini majuma mawili, yeye akinipikia uji, kisha akapanda lori kurudi kwa masista, kwa kuwa mitihani ilikuwa bado. Niliweza kusema, lakini kwa sauti ya kukwaruza, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Muuguzi alisema nishukuru, nami nilishukuru.

Asubuhi ya kwanza shambani nilikwenda kwenye uzio nikaita. Kilichotoka kilianza kifuani kama zamani, lakini hakikupanda. Farasi wa kijivu alinyanyua kichwa. Alielekeza masikio kwangu, kisha kwenye njia iliyo nyuma yangu, kana kwamba yupo mtu mwingine anayekuja. Kisha akainama, akaendelea kula.

Nilichukua ndoo. Watano wakaja. Yeye nilimfuata mwenyewe, nimeshika chumvi kiganjani, nikavuka kijito na majani yenye umande, na nilimfuata hivyo kila asubuhi mpaka alipokufa.