Beberu wa Kuazima

Nilitoka Kitale juu ya lori la mahindi, nikalala Salgaa, nikalala Mtito Andei, nikavuka Likoni nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Nilikuwa nimeshafanya kazi kwingi na kuziacha. Msambweni nilipata kazi ambayo nikiisimulia watu hucheka: kufuga nzi.

Walikuwa nzi wadogo wa ndizi mbivu, tukiwaweka kwenye chupa ndani ya nyumba ya kupanga. Mwenye kazi alikuwa daktari, mama Mdigo wa Kwale. Si daktari wa wagonjwa, bali wa chembe za urithi. Alitueleza, mimi na mwenzangu, kwamba nzi wa nje wana kipande cha urithi kinachohamahama, kinajichomeka popote na kuharibu. Wetu walianza kufugwa chupani zamani, kabla kipande hicho hakijaenea, kwa hiyo hawakuwa nacho.

"Hawa ndio kazi yangu yote," alisema. "Wakichafuka, tunafunga."

Mwenzangu alikuwa Mduruma wa Kinango, wa ukoo wa wafugaji. Mwaka ule nzi walidhoofika, wakataga kidogo. Daktari akiwa safarini, mwenzangu akafanya lile ambalo kwao hufanywa mbuzi wakizaa watoto dhaifu: huazimwa beberu wa zizi la mbali. Alitega madume ya nzi wa nje kwenye maembe yaliyooza.

"Daktari alikataza," nilimwambia.

"Mtu wa bara, wewe wajua mahindi tu. Hawa wameoana ndugu kwa ndugu hata damu imekuwa maji. Ngoja uone."

Alitia madume katika kila chupa, asibakishe hata moja. Kwao zizi haliponywi nusu.

Watoto walitoka wengi, wanene. Alitembea kifua mbele wiki nzima. Kisha tukaona hawatagi. Daktari aliporudi aliwapasua chini ya hadubini. Vifuko vya mayai vilikuwa vimesinyaa, karibu havionekani. Joto letu la pwani, alisema, lilizidisha madhara ya kile kipande.

"Ulitia madume ya nje kwa majike yetu?"

"Ndiyo, mama. Niwie radhi."

"Ungetia majike ya nje kwa madume yetu, watoto wangezaa. Kinga ya kile kipande watoto huipata kwa mama, ndani ya yai. Ingawa ukoo ungechafuka vilevile."

"Kumbe nzi nao Wadigo," mwenzangu alijaribu. "Urithi upande wa mama."

Daktari hakucheka.

Baadaye majike wachache wa uzao huo, walipozeeka kidogo, wakaanza kutaga. Daktari alituambia kwamba kile kipande, katika kurukaruka kwake, kilikuwa kimeangukia mahali ambapo mwili huweka alama za adui. Tangu hapo mwili ukakijua, ukakibana, na watoto wao wakairithi kinga hiyo.

"Basi wamepona?" mwenzangu aliuliza.

"Wamepona. Lakini adui yumo humo, hatoki. Mimi niliwahitaji wale wasiomjua."

Hakumfokea. Ingekuwa heri angemfokea.

Tulichemsha chupa nyuma ya nyumba, sufuria baada ya sufuria, harufu ya chakula chao, hamira na sukari guru, ikitushika nguo. Nilikuwa nimezoea kuondoka, ila pale nilikuwa nimeanza kuulizia kiwanja. Mwenzangu aliomba chupa moja ya wale waliopona aende nayo kwao.

"Wa nini?" daktari akauliza. "Nje wamejaa."

Akaimimina kwenye maji ya moto mwenyewe. Mchana mwenzangu alishika njia ya Kinango bila kuaga, nami nikashika ya Lunga Lunga.